Duka Lililomlaza Bosi

Fundi wa magari alikuwa ameapa hakanyagi lile duka kubwa la vitu vya watoto. "Wale wanawakamua wazazi mchana kweupe. Soksi ya kidole gumba, bei ya kiatu changu!"

"Baba Bosi, twende tu," mkewe alisema. "Kuangalia ni bure."

Bosi ni mtoto wao, aliyepewa jina hilo kwa sababu nyumbani halali mtu bila ruhusa yake. Dukani aliingia akilia kama kawaida, akiushinda hata muziki wa spika za duka. Fundi akampakia kwenye kigari cha maonyesho, akawa anakisukuma huku ananung'unika kwamba hata toroli la gereji lina magurudumu ya maana kuliko hayo. Walipofika kwenye nepi, kilio kikakatika. Bosi alikuwa amelala fofofo.

Fundi akageuka kumwita mkewe. Kumbe naye alikuwa amekaa kujaribu kiti cha kunyonyeshea, na usingizi ukambeba hapo hapo, mdomo wazi, mkoba mapajani.

Muuzaji akaja anatabasamu. "Karibu, baba. Umependa nini hapa dukani?"

Fundi akamtazama Bosi, akamtazama mama Bosi.

"Hawa wawili," akanong'ona. "Hebu nizimie huo muziki."