Jogoo la Mjini Haliwiki Kwetu

Mtu akitaka kumjua mama yangu asimtazame usoni, atazame rafu iliyo nyuma ya jiko lake. Pale zimepangwa hotipoti za mji mzima, kila moja imechorwa alama ya mwenyewe kwa rangi ya mafuta: mkasi wa kinyozi, sindano ya fundi cherehani, nyundo ya wachomeleaji, ufunguo wa yule anayechonga funguo karibu na benki. Mama hana ukumbi wa kula. Ana jiko, ana rafu, na ana mimi, mwanawe wa pili, ninayesukuma toroli. Jua likifika utosini, chakula kinawafuata watu walipo. Wao hawatoki. Wanakula palepale penye kazi zao, na barabara yetu kuu inabaki tupu, mbwa anaweza kulala katikati na kuota ndoto yake mpaka mwisho.

Hatukujua kwamba kuna watu mahali fulani wanaitazama barabara hiyo na kutikisa vichwa.

Dada ndiye aliyetuambia. Yeye alisomea hoteli, akaajiriwa na kampuni ya kuku wa kukaanga, wale wenye matawi kila jiji na kibao cha jogoo mwekundu aliyevaa kofia ya mpishi. Nyumbani tuliiita Jogoo tu, kama jirani. Dada alikuwa msaidizi wa meneja huko mbali, na kila akipiga simu mama alimuuliza lilelile: "Unakuja lini?" Siku moja jibu lilikuwa jipya.

"Wanafikiria kufungua tawi kwetu, mama. Kwenye lile jengo tupu linalotazamana na jiko lako. Wakifungua, meneja ni mimi. Wasipofungua, wananihamishia tawi la mpakani."

"Mpaka upi?"

"Ule wa mbali."

Mama alijitupa juu ya gunia la mchele. "Na kwa nini wasifungue? Sisi hatuli?"

"Mtu wao ameshakuja huko. Alikaa mchana kutwa akihesabu wanaopita, hakuona wa kuhesabu. Ameandika kwamba watu wa huko hawana njaa."

Niliangua kicheko. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshaona mwisho wa mambo: Jogoo akiwasha taa zake mbele ya mlango wetu, nani atangoja maharage kwenye hotipoti? Lakini mama mizani yake ilikuwa inapima kitu kingine.

"Akirudi tena huyo mwenye macho," alisema kwenye simu, "uje naye."

Wakaja. Yule mtu wa kampuni alikuwa mnene, mpole, shati limenyooka kwa pasi, na mkononi alishika kidude cha kuhesabia ambacho kila akikibonyeza kinalia tiki. Hajamaliza kusalimia, mji umeshampa jina: Bwana Tiki. Dada alimweka kwenye kiti barazani kwetu, maana ndipo penye kivuli, na mbele yake jengo tupu lilionekana lote, na vumbi lake.

Mama akanivuta nyuma ya jiko. "Leo toroli halitoki."

"Mama! Watu watakufa na njaa."

"Hajafa mtu kwa kuvuka barabara. Wakikosa chakula watatoka kukifuata, na wakitoka watampita yule bwana. Abonyeze mpaka kidole kiote sugu."

"Basi nikimbie nikawaambie."

"Thubutu! Watu wa mji huu ukiwaomba tabasamu wanaanguka chini na kugaagaa. Watakuja na suti za harusi, na wakwe zao nyuma. Waache watoke wenyewe, kama binadamu wa kawaida."

"Na Jogoo akifungua, wewe utampikia nani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza maji ni nini. "Kata vitunguu," alisema.

Mchana ukaingia. Barabara ikatulia kama kawaida yake. Bwana Tiki alipangusa jasho, akapangusa tena. Dada alisimama mlangoni akitafuna ukucha, tabia aliyoacha akiwa darasa la nne. Kisha, tiki.

"Nani huyo?" dada aliruka.

"Mbuzi," Bwana Tiki alisema kwa aibu. "Nitamwondoa. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye shughuli."

Nikaanza kumhurumia mama. Chakula kilikuwa tayari, kinatoa mvuke, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kusukuma toroli, hotipoti zilikuwa zimekaa kwenye rafu kama wanafunzi waliosahauliwa shuleni.

Ndipo kinyozi akatokea kwenye kona. Alitembea upesi, kofia imemkaa upande, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, kitambaa bado shingoni. Nyuma yao wachomeleaji, miwani ya kazi juu ya paji la uso, wakiongozwa na bosi wao, mwanamke mwenye mabega ya kubeba geti. Kisha fundi cherehani na wasichana wake, futi za kupimia zikining'inia. Mchonga funguo. Karani wa benki na mlinzi wake. Wanaofundisha watoto, wanaouza rangi, wanaoziba pancha, wote barabarani. Tiki, tiki, tiki. Bwana Tiki alisimama ili abonyeze vizuri.

"Mdogo wangu," dada alininong'oneza, ameniminya mkono, "unaona? Unaona?"

Niliona, na nilichoona hakikunipendeza. Hakuna aliyekuwa na uso wa njaa. Walitembea kimya. Huyu ameshika sukari, yule mche wa sabuni, mwingine chane ya ndizi. Jengo tupu walilipita bila kulitupia jicho, wakavuka barabara wote, wakaja moja kwa moja kwetu.

Kinyozi alivua kofia. "Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko wapi?"

"Nani?" dada aliuliza.

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Bosi wa wachomeleaji akaingilia. "Msitufiche. Huyu mama hata siku upepo ulipomng'olea paa alituletea chakula. Leo toroli halikupita. Tumeangaliana tukasema, hapa ama yuko kitandani, ama..." Mwanamke anayekata chuma kwa moto, mdomo ulikuwa unamtetemeka.

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi, jasho usoni.

"Jamani, yu hai!" mtu alipiga kelele.

"Mwacheni akae! Tazama anavyotoka jasho!"

"Nyanyuka baba, mgonjwa akae." Huyo alikuwa fundi cherehani, na aliyenyanyuliwa kitini ni Bwana Tiki, kabla hajajua nini kinaendelea. Mama akaketishwa. Mwiko ukachukuliwa. Khanga ikatoka nisikojua, akafunikwa magoti.

"Mimi siumwi!" mama alisema.

"Ndivyo wanavyosema wagonjwa wote," fundi cherehani alijibu, akiichomeka khanga pembeni vizuri kama anayepima nguo. "Ungesema unaumwa ndiyo tungeshangaa."

Wakaliingia jiko letu. Wachomeleaji walipakua wali kama wanaopakia lori. Mlinzi wa benki alikagua chumvi. Wasichana wa cherehani waligeuza kreti za soda zikawa viti, na mteja wa kinyozi, na nusu kichwa chake, akawa anagawa vijiko.

"Na wewe," bosi wa wachomeleaji alimgeukia Bwana Tiki, "upande gani wa ukoo?"

"Mimi ni wa kampuni."

"Karibu, wa kampuni. Sahani zile pale."

Bwana wa watu akakitia kidude chake mfukoni, akakunja mikono ya shati, akaosha sahani. Aliosha vizuri pia, lazima niseme. Akapewa chakula, akakaa juu ya kreti kati ya mchonga funguo na karani, akala, na sahani yake haikuhitaji kuoshwa tena.

Alipomaliza ndipo alipomwita dada. Hakujificha kuongea, kwetu hakuna pa kujificha.

"Binti yangu, Jogoo hawezi kufungua hapa."

"Lakini umewaona! Umebonyeza mwenyewe!"

"Nimebonyeza. Kwa mkupuo mmoja sijawahi kuona watu wengi hivi hata kwenye jiji kubwa." Alilamba kidole. "Sikiliza. Sisi chakula chetu tunamuuzia mpita njia. Mtu ana njaa, ana haraka, hamjui mtu, anaona kibao anachokijua kutoka kwao, anaingia. Hapo ndipo tunapostawi. Hapa hakuna mpita njia. Nilidhani nimempata mmoja, akawa mbuzi."

Watu wakacheka, ila dada.

"Nikifungua pale mbele," aliendelea, "siku ya kwanza mtajaa, mtasifia kuku, mtapiga picha na jogoo. Kesho yake toroli litapita mlangoni, nami nitabaki na vijana wangu tunatazamana. Nitaandika mji huu hautufai. Sitaandika kwamba hauna njaa. Hilo lilikuwa kosa langu."

Uso wa dada ulikunjamana. Mpakani, basi. Ule wa mbali.

Mama alitupa khanga chini. "Hakuna mgonjwa hapa," alisema, na safari hii sauti yake iliwanyamazisha. "Mimi ndiye niliyezuia toroli. Nilitaka mtoke mpite, huyu bwana awahesabu, hilo duka lifunguliwe."

"Duka la kukufilisi?" kinyozi aliuliza.

"Duka la kunirudishia mtoto."

Mteja wa kinyozi aliviweka vijiko chini.

"Mama," dada alisema polepole, "ulitaka Jogoo akae mlangoni kwako akumalize?"

"Ningekula kwako. Ungenipa paja kubwa."

"Kwa nini hukuniambia tu, rudi nyumbani?"

"Nikwambie urudi kwenye nini? Umesomea hoteli, mwanangu. Unavaa kitambulisho shingoni. Mimi nina masufuria na huyu msukuma toroli."

"Asante, mama," nilisema.

Dada alikuwa anatazama baraza. Na mimi nikatazama. Fundi cherehani, ambaye miaka yote amekula akiwa ameinamia mashine, alikuwa anabishana na mlinzi kuhusu nani ameongezewa nyama. Mchonga funguo, mtu wa maneno mawili kwa siku, alikuwa anasimulia kitu na karani anajishika mbavu. Chakula kilikwisha na hakuna aliyenyanyuka.

"Hivi," dada alimuuliza Bwana Tiki, bado macho yake kwenye zile kreti, "mahali ambapo hapana mpita njia, wenye meza wanaishije?"

"Sijui. Kampuni yangu haikai huko." Alitabasamu. "Lakini leo nimekaa juu ya kreti, mgongo umeniuma, na bado sikutaka kuondoka. Ningeanza na viti."

Dada akavua kitambulisho chake, akakizungusha kidoleni. "Waambie makao makuu, mpakani wampe mwingine." Kisha akamgeukia mama, uso mkavu kama meneja. "Toroli litaendelea. Lakini watakaotaka kukaa, watakaa. Na maharage yako yamezidi chumvi."

"Yamezidi nini?"

"Yamezidi, mama," mlinzi wa benki alisema. "Tulikuwa tunakuonea haya."

Kelele iliyofuata sitaiandika. Bosi wa wachomeleaji alishatoka na futi ya fundi cherehani, anapima lile jengo la mbele kwa ajili ya meza za chuma, na hakuna aliyekuwa amemtuma.

Bwana Tiki aliondoka na basi la jioni. Siku hizi viti vipo, na dada na mama wanagombana kila siku ya Mungu mbele ya wateja, ambao wengine nadhani huja kwa ajili hiyo. Kwenye rafu kuna hotipoti mpya niliyoichora mwenyewe: jogoo mwekundu, kofia imemkaa upande. Njia yake ya kazi ikimpitisha upande huu, Bwana Tiki hushuka basini, huichukua bila kuuliza, na akimaliza huiosha.