Pacha wa Dume

Siku daktari wa mifugo alipokuja kumpa ndama dawa ya minyoo, Fundi alikuwa ameshamvisha hatamu na kumsimamisha uani kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Alitaka asifiwe, tusifichane. Wiki tisa amemlea ndama yule kwa chupa, mgongo unamuuma mpaka anatembea ameinama, na katika wiki zote hizo hakuna aliyempa hata pole ya maana. Daktari akamzunguka ndama, akamshika masikio, akamfungua mdomo, akasema amependeza. Kisha, huku anafuta bomba la dawa kwa kitambaa, akauliza juujuu tu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, majibu yalikuwaje walipompima.

Fundi akauliza kumpima nini.

Daktari akaacha kufuta.

Ngoja niwaeleze kwanza, maana nikikimbilia mbele mtanilaumu. Fundi huyu ni fundi wa cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya watu. Mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo, na mama wa ng'ombe huyo kabla yake, ndio waliomsomesha kaka yake Fundi, na ndio waliomnunulia Fundi cherehani yake ya kwanza. Mama alipofariki aliacha vitu viwili vya kugawana, kiwanja na yule ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa na mimba. Hata machozi hayajakauka vizuri, ng'ombe akazaa pacha, dume na jike, akavuja damu na kufa siku ileile. Daktari huyuhuyu ndiye aliyeitwa. Alichoweza kuokoa ni ndama wawili na ndoo ya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo ambayo ndama asipoyapata hana maisha.

Baada ya siku tatu kaka mtu akaja mwenyewe chumbani kwa Fundi. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akaongea kwa sauti ya upole ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu wakiwa wadogo. Akasema wasigombane kama watu wengine. Fundi achukue jike, ukoo wa ng'ombe wa mama ubaki mikononi mwake, na yeye atachukua lile dume lisilo na faida pamoja na kiwanja. Fundi akalia. Alidhani kaka yake hatimaye amekua, jamani. Macho yake Fundi yalikuwa yameshaanza kumgomea. Kutia uzi kwenye sindano ilibidi aombe wapita njia, tena wengine wanacheka. Mwaka mmoja, miwili, cherehani itamshinda, na hapo atakula nini? Ng'ombe wa maziwa hahitaji kutiwa uzi. Wakaandikiana karatasi mbele ya mjomba wao, Fundi akatia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole, kwa kuwa herufi zenyewe alikuwa anaziona kama mchwa wanaotembea.

Ndipo kazi ilipoanza. Ndama alikuwa mifupa na macho tu. Siku nzima ya kwanza alikataa chupa, anageuza shingo huku na huku, maziwa yanamwagikia kifuani. Fundi akachovya kidole kwenye maziwa akampa anyonye, na alipokolea akaipenyeza chuchu ya mpira kando ya kidole, kisha akakichomoa kidole polepole kama mwizi. Akanyonya. Tangu hapo ikawa mara tatu kwa siku, maziwa ya vuguvugu, ya kudondoshea kwanza kwenye kiwiko uone kama unashtuka, na chupa haipandishwi juu, maana maziwa yakiingia kwenye mapafu umemuua kwa mkono wako mwenyewe. Wiki ya pili akaharisha maji matupu. Akalala ubavu shingo imelegea, Fundi akawa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko, amepiga magoti uani, wateja wamejaa mlangoni wanataka sare za watoto wao na wamenuna kwelikweli. Aliwaambia nguo hazifi. Wawili walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine, na Fundi hakuinuka hata kuwaaga.

Mwenye nyumba naye alikuwa na yake. Alisema alipangisha chumba kwa mtu mwenye miguu miwili, sasa anahesabu sita, na ile minne haimo kwenye mkataba. Mwisho wa mwezi, alisema, ndama atoke uani kwake, iwe jua iwe mvua.

Kwa hiyo Fundi, asiye na shamba wala banda, akaona dawa ni kumfundisha ndama kuongozwa, ampeleke kila siku kwenye majani ya kando ya barabara, na pa kumlaza atapatafuta. Akashona hatamu kwa mikanda ya mikoba ya shule, akaipima mara tatu puani ili isimchubue. Siku ya kwanza ndama akajitupa chini, akafumba macho, akajifanya maiti. Siku ya pili akamburuta Fundi mpaka kwenye kamba za nguo. Lakini Fundi hakumpiga. Alivuta kidogo akangoja, na ndama aliponyanyua mguu mmoja tu kusogea mbele, palepale akalegeza kamba. Vuta, ngoja, legeza. Wiki tatu za namna hiyo, hatua moja moja, ndama anatembea kwa madaha na kusimama kila mahali, mpaka mwenye nyumba mwenyewe akacheka akamwita Bibi Harusi. Jina likaganda. Kufikia wiki ya tisa Bibi Harusi alikuwa anatembea bega kwa bega na Fundi bila kuvutwa, na huko ndiko tulikokuwa, siku ya Daktari.

Basi Daktari akakunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, akamwambia. Jike aliyelala tumbo moja na dume, mara nyingi sana hazai. Damu zao zinachanganyika wakiwa tumboni, na vya ndani vya jike haviumbiki. Anakua, ananenepa, anapendeza, lakini hapandiki, hazai, na asiyezaa hatoi maziwa. Katika kumi, anasalimika mmoja.

"Basi huyu ndiye huyo mmoja," Fundi akasema.

Daktari akasema inawezekana, na kupima ni dakika moja. Akatoa kwenye mkoba wake bomba jembamba la kioo, limeviringika ncha, akalipaka mafuta. Akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na mwisho wa bomba, akamwonyesha Fundi: kwa jike mzima wa umri huu, linaingia ukeni mpaka hapa. Fundi akamkumbatia Bibi Harusi shingoni amtulize. Ndama akatulia tuli. Akayakaza yale macho yake mabovu kwenye ukucha wa Daktari, na moyoni akawa anaomba, si maombi ya maana, anarudia neno moja tu, ingia, ingia, ingia.

Likaingia urefu wa kidole kidogo, likagota.

Daktari akalitoa, akajaribu tena kwa upole, kwa pembe nyingine. Likagota palepale. Alilifuta na kulirudisha mkobani, na Fundi akawa ameshaelewa. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Wiki tisa. Wateja aliowapoteza. Kiwanja cha mama. Uzee wake wote ulikuwa umefungwa kwenye ile kamba, na sasa hauna mwisho wala mwanzo.

"Nilijua mmeshampima," Daktari akasema. "Kaka yako nilimwambia siku ileile walipozaliwa. Nilimwambia asihangaike na huyu jike kabla hajapimwa."

Fundi akamwomba arudie. Akarudia. Siku ileile walipozaliwa.

Hakukaa hata kubadili kanga. Akaishika kamba akatoka, na Bibi Harusi akamfuata barabarani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwenye pikipiki na honi na mashimo ya maji, masikio yamesimama kwa hofu, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja, kwa kuwa Fundi yuko mbele. Watu walisimama kuwatazama. Mmoja akamtania kama anampeleka shule. Siku nyingine angejibiwa mpaka ajute kuzaliwa, lakini siku hiyo Fundi hakumsikia.

Alimkuta kaka yake kwenye kiwanja cha mama, amesimama ndani ya mtaro wa msingi. Alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha, na mtaro ulikuwa umekata katikati ya upande ule ambao ungekuwa wa Fundi. Dume la pacha lilikuwa pembeni limefungwa waya, mbavu nje. Kaka mtu alipoona dada, kisha ndama, kisha uso wa dada, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na udongo.

Alijitetea, tena sana. Alisema angemwambia, Fundi asingemlea, na ndama angekufa. Alisema daktari mwenyewe hakuwa na hakika. Alisema mama asingependa ndama hata mmoja afe, na kwamba yeye kichwa chake siku zile kilikuwa kimevurugika kwa msiba. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na mengine yalikuwa na ukweli ndani yake, hilo ndilo baya zaidi.

Fundi akamwacha amalize.

"Kaka, ulijua kabla ya karatasi au baada?"

Kaka akatazama mtaro. Fundi akangoja, kamba mkononi. Kisha akasema anakwenda kwa mjomba sasa hivi, yeye na ndama wake, na Daktari ataitwa aseme mbele ya ukoo mzima alichosema na alimwambia nani na lini. Akageuka. Hapo ndipo kaka mtu alipotoka mtaroni mbio, maana mjomba ndiye aliyemlea baada ya baba, na mbele ya mjomba alikuwa bado mtoto wa darasa la pili.

Wakaongea, safari hii taratibu. Kaka akakubali. Karatasi itachanwa, mtaro utafukiwa, nusu ya kiwanja itakuwa ya Fundi, na mjomba ataambiwa wameelewana wenyewe. Lakini ndama arudi. Fundi akauliza wa nini kwake, ndama asiyezaa. Kaka akasema ulimchukua badala ya kiwanja, sasa unachukua kiwanja, huwezi kula huku na huku. Ndivyo alivyo mtu huyu, hata akikamatwa na kuku mkononi ataomba aachiwe manyoya. Fundi akamwambia atamshonea, yeye na mkewe, nguo za mwaka mzima bure, amwachie tu. Akakataa. Fundi akamwuliza atamfanya nini.

"Mchinjaji haulizi habari za uzazi," kaka akasema. "Atakaa hapa mpaka mwisho wa wiki."

Fundi akasimama pale muda mrefu. Nisiwadanganye kwamba alikuwa anapima. Alikuwa anatafuta mlango, na kila ukuta aliougusa ulikuwa ukuta. Hata mjomba angesema arudishe ndama ndipo apewe kiwanja. Akimrudisha Bibi Harusi nyumbani, mwisho wa mwezi mwenye nyumba atawatoa wote wawili. Atamlisha miaka kumi mnyama asiyetoa hata kikombe, kwa macho haya yasiyoona tundu la sindano. Akimwacha, ana ardhi, anaweza kujenga chumba, anaweza kupangisha, anaweza kuzeeka. Mtoto wa shule angeweza kuifanya hesabu hiyo. Bibi Harusi alikuwa ameanza kumnyonya pindo la kanga, saa ya maziwa ilikuwa imefika na kupita.

Akamwongoza mpaka kwenye nguzo, akamfunga yeye mwenyewe, hakutaka kaka amguse. Akaingiza vidole chini ya hatamu kuona kama haimbani. Kaka akaleta karatasi, akaichana mbele yake vipande vinne, akampa vyote vinne. Kisha akamtazama ndama aliyesimama kimya pale nguzoni, akasema kwa dhati kabisa, "Umemfundisha vizuri, dada."

Fundi akaondoka. Alitembea polepole akiwa ametega masikio, kwa sababu alikuwa amejiwekea ahadi: Bibi Harusi akilia, hata mara moja, anarudi, na kiwanja na kaka na uzee wote waende na maji. Kila ndama hulia akiachwa. Alipita mlango wa kwanza, wa pili, gereji, duka la vyuma. Hakusikia kitu. Kwenye kona akashindwa, akageuka kutazama.

Ndama alikuwa amevuta kamba mara moja, ikakaza, akasogea hatua moja kuelekea nguzo ikalegea, kama alivyozoeshwa. Sasa alikuwa ametulia palepale, uso ameuelekeza barabarani, anamngoja aje amfungue.

Fundi akasimama pale konani mpaka mwenye gereji akamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Halafu akakata kona, akaenda nyumbani.