Visanduku Vinne kwenye Simu ya Mama Awuor

Dolphine Naswa alikuwa ametengeneza tovuti ya duka la pampu za maji la Navneet, hapo Kisumu. Badala ya maneno aliweka alama nne: simu, ramani, bahasha na spana. Alama hizo zilitoka kwenye fonti maalumu, iliyovutwa kutoka seva ya mbali kila mtu alipofungua ukurasa. Kwenye kompyuta yake zilipendeza sana.

Wiki ya tatu tangu tovuti ianze kutumika, Navneet alimpigia simu. "Njoo dukani. Kuna mteja hapa ametoka Katito."

Mteja alikuwa Mama Awuor, mkulima wa sukuma na nyanya. Pampu yake ilikuwa imeharibika kwa siku nne, na miche ilikuwa inakauka. Alimpa Dolphine simu yake.

"Nyathina, mwanangu, nilitaka tu namba niulize kama spea iko. Hii ni nini?"

Kwenye kioo kulikuwa na visanduku vinne vitupu, vimepangwa kwa mstari. Ile fonti haikufika.

"Mama, simu yako ni ya zamani kidogo," Dolphine alisema.

"Ni ya zamani, lakini inapiga simu vizuri. Ningejua nibonyeze wapi singepanda gari."

Navneet alitazama pembeni. Dolphine hakuwahi kuijaribu tovuti ile kwenye simu nyingine ila yake.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua kompyuta. Aliipunguza fonti hadi zikabaki alama nne tu ili iwe nyepesi, akaihifadhi ndani ya tovuti yenyewe. Kisha kando ya kila alama akaandika neno.

Mama Awuor alifungua ukurasa upya. Visanduku vilikuwa palepale.

"Bado," alisema. Halafu akasogeza simu karibu na macho. "Lakini sasa imeandikwa Piga Simu."

Dolphine alikagua tena, akaona amekosea herufi moja kwenye jina la faili. Alipoirekebisha, alama zikatokea, ndogo na nyeusi, kila moja na neno lake.

"Hayo maneno usiyatoe," Mama Awuor alimwambia, huku Navneet akimfungia spea kwenye gazeti.

Jioni hiyo Dolphine aliazima simu ya zamani ya jirani yake pale Kondele, akaanza kufungua tovuti zote alizowahi kutengeneza. Zilikuwa kumi na moja. Saba zilikuwa na visanduku.