Bwana Harusi wa Bi Khurshid

Mama mkwe wangu, Bi Khurshid, alileta wale kasuku wadogo mwaka ule bidhaa ziliporudi madukani na watu wa Chumbageni wakaanza tena kununua vitu visivyo na kazi. Akawatundika mlangoni mwa chumba chetu. Alisema watangulie wao kuzaa, kisha nifuate mimi. Mkubwa akamwita bwana harusi, mdogo bibi harusi. Muuzaji, Mselem, alimwapia hivyo, ingawa kwa macho yangu walifanana kama kokwa mbili za ubuyu.

Bibi harusi akataga, akaatamia, wapi. Mayai yakaishia viza. Bi Khurshid akamrudisha kwa Mselem, akabadilishiwa jike jingine. Siku hiyohiyo, huku akimenya vitunguu, akasema kuwa Idi ikifika nami sina mimba, nitavushwa mpaka wa Horohoro nirudi kwetu Mombasa. Mume wangu Aliraza alikuwepo. Alikunywa chai yake. Nilichukia, kisha nikajichukia mwenyewe kwa kuwaombea dua ndege, maana sikujua tena ninalilia mtoto, ndoa au mayai.

Jike jipya lilikuwa shari tupu. Lilimdonoa bwana harusi hadi damu, likaondolewa, naye akabaki peke yake. Baada ya wiki kadhaa, asubuhi nasafisha tundu, nikakuta yai. Nikalitazama, nikamtazama bwana harusi. Nikamwita Bi Khurshid. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Nani kafungua tundu hili?" akaniuliza, kana kwamba nimelitaga mimi.

Akajitanda mtandio, akaenda kumtolea Mselem maneno. Nikabaki nangoja lawama, maana katika nyumba ile lawama haikuwahi kukosea mlango wangu. Alirudi mchana akiwa mpole, na upole wake ukanitisha zaidi. Aliraza alikuwa anakula.

"Yule niliyemrudisha," akasema, "nimemkuta ana makinda. Kapewa dume la kweli."

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwanawe mpaka tonge likasimama mkononi.

"Mkeo kenda hospitali mara ngapi, Aliraza? Na wewe je?"

Nilikuwa nimeingoja siku kama hiyo kwa miaka, nicheke mpaka nichoke. Nikamwona analirudisha tonge kwenye sahani. Nikamwongezea mchuzi, na hadi leo sijui kwa nini.