Mazishi ya Mkungu wa Benadeta

Benadeta aliamka akicheka peke yake, kama mwali aliyeletewa posa. Migomba mipya ilikuwa ingali kijani.

Watu wa Kamuli walikuwa wamemhurumia vya kutosha. Unyanjano, ule ugonjwa wa migomba, ulipita kwenye kibanja chake ukanyausha migomba yote, hata ile iliyozunguka kaburi la marehemu mumewe, Apolinary. Mwanawe Nolasco akasema basi, pafyekwe, papandwe mahindi. Mahindi! Benadeta aliapa kwamba ugali hautasongwa nyumbani kwake angali hai, akakitoa kibanja kipandwe migomba mipya ya majaribio. Nolasco akakubali kungoja mkungu wa kwanza tu: ukioza, jembe linaingia.

Mtafiti, Daktari Edith kutoka Bukoba, alimweleza kwamba wamehariri vinasaba vya mgomba wenyewe, wakaziba pale ugonjwa unapopatia mwanya. Benadeta akasema ameelewa: ni kupogolea, ila wao wanapogolea ndani kabisa. Kisha Edith akaidunga migomba yote vijidudu vya unyanjano, ya kawaida na ile iliyohaririwa. Ya kawaida ikanyauka. Benadeta nusura naye anyauke kwa hofu.

Sasa ilikuwa siku ya kukata mkungu. Majirani walifika na visu vya kumenyea, kwa kuwa furaha haina siri na Benadeta alikuwa amewaalika wote. Nolasco alikuja na jembe begani. Edith akakata mkungu, akapasua ndizi moja. Nyeupe pe, bila doa la ugonjwa! Akapasua ya pili, nyeupe vilevile. Benadeta akapiga vigelegele, akamkumbatia daktari, akamkumbatia hata jirani yake Polikarpi, ambaye hawakuwa wakisemezana tangu ng'ombe wa jirani huyo amalize maharage ya Benadeta.

Ndipo Edith akasema, kwa haya, kwamba ndizi za majaribio haziliwi. Sheria inataka zifukiwe hapohapo.

Sufuria ilikuwa tayari jikoni, na kwao mkungu ukishakatwa mbele ya mgeni hauna pengine pa kwenda ila tumboni mwake. Benadeta aliutazama mkungu, akawatazama wageni, kicheko kikamrudia.

"Basi tumzike," alisema. "Huyu ni wa nyumbani."

Nolasco akachimba shimo kwa jembe lilelile, kando ya kaburi la baba yake. Nyasi zikatandikwa, wafiwa wakaketi, Polikarpi akatoa rambirambi kwa uso mkavu, na watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Lakini msiba haukosi chakula, na ndizi hazikuwapo. Nolasco akaenda kuleta unga wake wa mahindi. Benadeta akausonga ugali mwenyewe, akala, akaomba nyongeza.

Wakiwa wananawa, Nolasco alimuuliza daktari mbegu ya migomba ile wataipata lini. Edith akasema vibali bado, huenda ikachukua miaka.

"Nitasubiri," alisema Benadeta, akilitazama kaburi la mumewe. "Apolinary ananingoja siku zote hizi. Mwambieni aongeze subira kidogo, nina migomba ya kupanda."