Diski ya Pili ya Marehemu Edouard

Mume wangu Edouard alikufa Jumanne. Jumatano ndugu zake walibandika karatasi kwenye kompyuta yake.

Katika ukoo wao, sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka matanga yatolewe, siku ya arobaini. Walifunga kabati, wakafunga sanduku la nguo, halafu Papa Thierry, kaka mkubwa wa mume wangu, akaitazama ile kompyuta ya mezani kwenye pembe ya sebule na kusema kwamba hata hiyo ni sanduku. Aliandika karatasi, watu watatu wakatia sahihi, akaigandisha kwa gundi kwenye ubavu wa kulia. Kuiwasha ruhusa, kuifungua mwiko.

Edouard alikuwa karani wa reli, na nyumbani aliwapigia watu chapa mialiko ya arusi na programu za misa. Miaka miwili iliyopita diski ya kompyuta ilijaa. Akapata ya pili, akaifunga mwenyewe Jumapili moja mchana, mimi nikimshikia tochi. Diski ya kwanza ilibaki na kazi za watu. Ya pili, alisema, ni yetu. Humo aliweka picha za binti yetu Laurette, na sauti yake mwenyewe, maana katika arusi za mtaa yeye ndiye aliyeongoza sherehe, na alijirekodi akifanya mazoezi.

Simu yake ilipotea siku tuliyompeleka hospitali. Wiki ya pili ya kilio nilitambua kwamba sauti yake inaanza kunitoka. Nilikumbuka maneno yake, lakini sikukumbuka tena jinsi alivyoyatamka. Nikaomba kompyuta iwashwe. Diski ya kwanza ilionekana. Ya pili haikuwepo.

Papa Thierry akaunda kamati. Yeye akawa rais. Dada yao, Mama Philomène, aliyekuja kutoka Kabimba na daftari jipya, akawa mwandishi. Kikao cha kwanza kilijadili kama diski imepotea, imeibwa, au imefariki, kwa sababu kila neno lilihitaji kamati ya namna yake. Shangazi mmoja aliuliza kama upande wa mjane uliingia sebuleni. Upande wa mjane ni mimi, na nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye mkeka, kwa hiyo niliandikwa kuwa niliingia.

Kikao cha pili kilimwita Chérubin, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Alikuja na bisibisi mkononi.

“Papa Thierry, unipe dakika tano. Niangalie ndani tu.”

“Ndani hapana. Wewe ni fundi, tafuta inje.”

Chérubin akatafuta nje. Alibadilisha kibodi. Alibadilisha kipanya. Alileta kioo kingine, kikubwa kuliko chetu, na kwenye kioo hicho kikubwa tuliona vizuri zaidi kwamba diski ya pili haipo. Aliizima mashine na kuiwasha mara kumi na moja. Aliingia kwenye ile orodha inayotokea mashine inapoamka, akatuonyesha mahali palipopaswa kuandikwa jina la diski, palikuwa patupu. Mwishowe alilaza sikio juu ya sanduku, kama daktari. Alisema anasikia moja tu inapumua.

Mama Philomène aliandika kwamba diski ya pili imefariki kwa huzuni, siku chache baada ya mwenyewe. Papa Thierry alitia sahihi haraka kuliko nilivyomzoea. Akaamua kwamba Jumamosi, matanga yakishatolewa, sanduku lifunguliwe na yeye mwenyewe, peke yake, na diski hiyo akaitupe ziwani. Chérubin alisema labda tuijaribu kwanza kwenye mashine nyingine. Papa Thierry alimjibu kwamba maiti haijaribiwi.

Zilibaki siku nne.

Alhamisi asubuhi Mama Philomène alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akaweka DVD ya kwaya ya parokia ili apate kitu cha kusikiliza. Kwaya hiyo ilikuwa imeimba kwenye kompyuta ileile tangu siku ya tatu ya kilio, na mimi nilikuwa nimeizoea kama unavyozoea mvua. Asubuhi hiyo nikajiuliza: inaimbaje?

Maana sehemu ya kusomea DVD haikuwa ikifanya kazi katika nyumba yetu. Siku ile ya tochi, Edouard alikuta ndani nyaya nyekundu mbili tu za kupitisha kumbukumbu. Mmoja ulikuwa wa diski ya kwanza, mwingine wa DVD. Akauchomoa ule wa DVD akaupa diski ya pili. Alisema, “Mama Laurette, siku moja isipoonekana, angalia waya kwanza. Usianze kutafuta muchawi.” Kwa miaka miwili sahani yoyote iliyoingia humo ilitoka bila kusema neno.

Nikakumbuka siku ya tatu ya kilio. Kwaya ilileta DVD, kompyuta ikagoma kuisoma. Papa Thierry akawaambia watu wote watoke wakale, akafunga mlango. Aliporudi, nyimbo zilikuwa zinasikika na shati lake lilikuwa na vumbi kifuani. Tulimshukuru. Siku moja kabla ya hapo alikuwa ametia sahihi karatasi ya mwiko, wa kwanza kati ya watatu.

Saa nne kamati nzima ilishuka bandarini kupokea wageni kutoka Moba. Mjane hatakiwi kuondoka kwenye mkeka. Niliuvuta mkeka mpaka kwenye kompyuta.

Nilizima, nikachomoa waya wa umeme ukutani. Karatasi ilikuwa ubavu wa kulia. Sanduku hilo hufunguka ubavu wa kushoto, jambo ambalo Papa Thierry alilijua vizuri siku ile ya DVD. Skrubu mbili, na mfuniko ukateleza. Diski ya pili ilikuwa palepale alipoifunga Edouard, imeshikwa na skrubu tatu kwa sababu ya nne ilianguka chini ya kabati tukaikosa. Umeme ulikuwa unaifikia, kumbe sikio la Chérubin lilikosea. Waya mwekundu ulikuwa umechomekwa kwenye DVD. Niliuchomoa, nikaurudisha kwenye diski mpaka ukalia kidogo, nikafunga, nikawasha.

Ikaonekana.

Nilifungua rekodi ya kwanza niliyoikuta. Edouard anakohoa. Anasema, “Mabibi na mabwana, wale ambao hawakualikwa, tunawaomba wale wa mwisho.” Anarudia, anacheka. Halafu kwa sauti nyingine, ile ya nyumbani: “Mama Laurette, zima hiyo radio, narekodi.” Na sauti ya mwanamke kwa mbali: “Rekodi tu, Papa, nani anakukataza?” Ilinichukua muda kutambua kwamba mwanamke huyo ni mimi.

Jumamosi matanga yalitolewa. Papa Thierry alikuja na bisibisi mfukoni, lakini wageni walitaka kwanza kumwona marehemu kwenye picha, kwa hiyo aliwasha. Diski ya pili ikajitokeza mbele ya watu wote. Mama Philomène akaandika kwamba imepona kwa maombi. Kisha wakaweka DVD ya kwaya, na DVD haikusema neno.

Papa Thierry aliinama karibu na sikio langu.

“Mama Laurette. Ulifungua?”

“Papa Thierry, nifungue sanduku ya marehemu mbele matanga itoke? Kuna muntu wa hii familia anaweza kufanya vile?”

Alitazama ubavu wa kushoto. Alitazama wageni. Chérubin alikuwa ameshasogea na bisibisi yake, akisema kwa furaha kwamba leo mwiko umekwisha, afungue atazame hiyo DVD.

“Hapana,” Papa Thierry akasema. “Diski imepona. Kitu imepona haifunguliwi.”

Kamati ya DVD iliundwa palepale. Chérubin ameshaleta kibodi nyingine mbili.

Karatasi yenye sahihi tatu bado ipo ubavu wa kulia. Kila Jumamosi naipangusa vumbi, halafu nawasha radio, naketi, na kumwacha Edouard aniambie niizime.