Kikohozi cha Ghorofani

Walituletea theluji tarehe tisa Julai, siku ambayo hata kivulini jasho lilikuwa linatiririka. Vijana wanne wakatandaza blanketi jeupe mbele ya nyumba, wakapulizia povu kwenye mawaridi yangu, wakaning'iniza taa mlangoni, na kufika saa tatu asubuhi nyumba yetu ya Etobicoke, huku Kanada, ilikuwa imeshaingia Krismasi. Jirani alitoka na kaptula yake akapiga picha. Mimi nilisimama dirishani nikiangalia mawaridi yanavyoharibiwa. Mwaka juzi ningewatokea na ufagio. Safari hii sikuhisi kitu.

Ilikuwa sehemu ya pili ya filamu. Ya kwanza waliipiga humu humu mwaka juzi, Julai vilevile, kwa sababu walizipenda ngazi zetu za mbao. Kisa chenyewe hata mtoto angekitabiri: binti wa mjini anarudi kwa babu yake, anakutana na muuza miti ya Krismasi, wanagombana, theluji inaanguka, wanabusiana. Mume wangu Madatali, ambaye kwangu alikuwa Baba Fareen tangu binti yetu azaliwe, alikipenda kisa hicho utadhani kakitunga yeye. Walitutaka tuhamie hotelini wiki mbili, akakataa katakata. Alisema alikuwa mwenye duka Tabora miaka ishirini, na mwenye duka hawaachii wageni funguo. Basi wakatuacha chumbani kwetu ghorofani kwa sharti moja, tunyamaze.

Akakohoa. Tena katikati ya busu! Dairekta, binti mwembamba mwenye kofia, akasimamisha kila kitu, nami nikatamani ardhi inimeze. Kumbe anapanda ngazi huku anacheka. Alisema kikohozi kile kimewaokoa, kwa sababu sasa babu wa kwenye filamu atakuwa ghorofani, mgonjwa, haonekani ila anasikika. Akamtuma fundi sauti, kijana anayeitwa Wasi, aje kumrekodi Baba Fareen vizuri.

Filamu ilipotoka Desemba, Baba Fareen akawa mtu maarufu jamatkhana, nyumba yetu ya kusalia. Tukitoka tu kwenye ibada, watu wanamzunguka. "Mzee Madatali, hebu tukoholee!" Naye anawakoholea, mkono kifuani, watu wanavunjika mbavu. Nilicheka nao. Januari kikohozi kikaja na damu. Ilikuwa saratani ya mapafu, na Mei tukamzika.

Daktari alituuliza maumivu yalianza lini. Baba Fareen akajibu, "Tangu kiangazi." Nilimgeukia. Miezi sita nalala ubavuni mwake!

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa chetu wawili. Fareen tulimlea kwa Kikachi cha wazee wetu wa Bara Hindi na kwa Kiingereza, na wajukuu hata Kikachi hawakijui.

Alinitazama kidogo, akanipigapiga mkono. "Nilisahau, Nilu."

Alisahau! Mtu aliyekuwa anakumbuka majina ya watoto wa kila mteja wake wa Tabora. Tangu siku ile nina hasira naye, na sioni haya kuisema. Mazishini wanawake wenzangu walinikalisha katikati wakasubiri nilie, sikulia. Walidhani najikaza, wakanisifu. Hakukuwa na kujikaza kokote. Tumeishi miaka arobaini na sita kwenye ndoa, halafu mtu ananificha kifo chake. Nitamliliaje? Nikaganda tu. Nakula, nalala, nakwenda jamatkhana, narudi. Fareen akinipigia simu kuniuliza hali, namwambia mzima, na kweli sina panaponiuma.

Nyumba niliwaruhusu kwa sababu Fareen alipanga yote na mimi sikuwa na nguvu ya kukataa. Siku ya pili dairekta akaingia jikoni na sanduku la chokoleti lenye utepe.

"Yuko wapi nyota wetu?" akauliza.

"Amefariki," nikamwambia. "Mwaka jana. Utakunywa chai?"

Alikaa kwenye kiti akalia, yeye aliyemjua kwa wiki mbili, na mimi nikamkatia tangawizi. Sijui nani alipaswa kumwambia. Pengine ni mimi.

Alipotulia akaeleza shida yake. Katika sehemu ya pili babu anapona. Anakohoa mwanzoni, kisha mkesha wa Krismasi anashuka ngazi kwa miguu yake, wote wanamkumbatia. Wa kushuka ngazi wameshampata, mzee mmoja mwigizaji mwenye ndevu nyeupe. Lakini watazamaji wanakijua kile kikohozi, na rekodi wanayo. Hatakitumia bila sahihi yangu, alisema, na karatasi akaiacha mezani karibu na chokoleti.

Fareen alikuja jioni ileile kutoka Brampton, hajavua hata viatu. "Mama, please, ni kikohozi tu," akasema kwa Kikachi chake cha kuchanganya na Kiingereza. "Itakuwa nice. Dad atabaki kwenye filamu."

"Nitafikiria."

"Angependa, Mama. You know he would."

Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa sitaki. Angefurahi kama mtoto, angewaambia watu wote jamatkhana, na mimi sikutaka kumfurahisha. Yeye alininyima neno moja la kuniambia nimpeleke hospitali wakati bado kuna la kufanya. Na mimi nimnyime hili. Najua ni uchoyo, tena uchoyo kwa maiti. Lakini ndicho kitu pekee nilichokuwa nakihisi, nikakishikilia.

Siku tatu karatasi ikakaa mezani. Huko sebuleni wakapamba mti, waigizaji wakabusiana mara kumi na moja kwa sababu jasho lilikuwa linaharibu vipodozi. Yule mzee wa ndevu akawa anafanya mazoezi ya kushuka ngazi zetu, akishika pale pale kwenye mbao alipokuwa akishika Baba Fareen. Nilimtazama nikaendelea kuosha vyombo.

Siku ya nne dairekta akaniomba jibu, maana kesho yake wanapiga mkesha. Nikamwambia siwezi kutia sahihi kitu nisichokisikia. Walete nikisikie kwanza. Kusema kweli nilikuwa navuta muda.

Wasi akaja jikoni na mashine yake. Alikuwa amefuga ndevu tangu mwaka juzi. Aliniamkia vizuri, akanipa pole, akanivalisha hedifoni kwa mikono miwili kama anayemvisha mtoto kofia.

"Anti, hii ndiyo rekodi nzima," akasema kwa Kiingereza. "Siku ile niliiacha mashine inarekodi nikashuka kuchukua betri. Mnaongea kidogo hapo kati. Tulikata maneno, tukabakiza kikohozi. Unataka nikuwekee kikohozi peke yake?"

"Weka yote."

Kwanza nikasikia feni yetu. Kisha kitanda, mtu anakaa. Kisha sauti yangu, kubwa, ya furaha, sauti ambayo sijaisikia siku nyingi: "Haya, kohoa vizuri, Baba Fareen, usitutie aibu."

Akakohoa mara tatu. Halafu akasema polepole, karibu sana na sikio langu:

"Nilu, hapa pananiuma. Pananiuma sana."

"Ehe!" nikasema mimi. "Umeshaanza kuigiza!"

Na nikacheka. Nilicheka kwa muda mrefu, kicheko kizuri, cha mtu mwenye mume. Baada ya muda naye akacheka kidogo. Kisha viatu vya Wasi vikapanda ngazi.

Sikumbuki. Naapa sikumbuki maneno yale wala siku ile, ila kwamba tulicheka. Nilivua hedifoni nikaziweka juu ya karatasi ya dairekta. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, nikaishangaa. Aliniambia. Na hospitalini, mbele ya daktari, akanifichia aibu yangu.

"Anti," Wasi akauliza taratibu, "pale katikati anasema nini?"

"Anasema panamuuma."

Alikuwa kijana mwenye adabu, lakini ni kazi yake kusikiliza, hakuweza kujizuia. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilicheka," nikasema. "Si umesikia?"

Karatasi nikamrudishia haina sahihi. Wamtafute mtu mwingine awakoholee. Wasi akaanza kukunja nyaya zake, nikamzuia, nikavaa tena hedifoni, nikamwomba arudishe nyuma. Akarudisha. Baba Fareen akakohoa mara tatu, akasema panamuuma sana, na mimi nikacheka tena, palepale.